Mashine ya Fundi Yang'ata

"Umemnyoa au umemparua?"

Wifi mtu alisema hivyo akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine kiko mguuni. Hakubisha hodi wala hakusalimia. Macho yake yalishampata mdogo wake, Fundi, aliyekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na vipande vya gazeti vimebandikwa kidevuni, shavuni na chini ya taya, kila kipande na doa lake jekundu katikati.

"Shikamoo, wifi," Pedeli alijibu, kwa sauti ya mtu anayeamkia ukuta.

"Nikuitikie marahaba ya nini? Mtu ana viraka uso mzima! Viraka vya nguo za watu vimekuishia, sasa umehamia kwenye uso wa ndugu yangu?"

Pedeli alikuwa na sindano tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake cha mkononi, akazichomeka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Angezibakiza mdomoni, angezimeza kwa hasira.

"Wembe umeteleza," alisema.

"Umeteleza juzi, umeteleza leo. Huo wembe au ndizi?"

Fundi mwenyewe alikuwa akitazama nje. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea kama pazia lililotoka kwenye kulabu, na mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo. Kiharusi kilikuwa kimempitia. Maneno yake yalibaki, lakini yalikuwa yanatoka kwa foleni, moja leo na lingine baadaye, na mengine yakifika mlangoni yanarudi ndani.

Sasa huyu Pedeli jina lake halisi analo, ila hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo hugeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Fundi ndiye aliyembandika hilo la Pedeli tangu uchumba wao, kwa sababu ya mguu wake. Kazi yake ni ushonaji, na mguu ule ulizoea kukanyaga pedeli ya cherehani hata ukasahau kwamba cherehani haipo. Mezani unakanyaga. Kwenye benchi la hospitali unakanyaga. Siku alizokasirika, mguu ulikwenda mbio kiasi kwamba watu walimwambia wangemfungia mnyororo asage unga. Na tangu Fundi aanguke, mguu haukuwa umepumzika.

Chumba cha mbele kilikuwa chake yeye na cherehani. Kibaraza cha nyuma kilikuwa cha Fundi, na meza yake yenye jiliwa la kubania vyuma, tupa, koleo ndogondogo na makopo ya skrubu. Pale alitengeneza vile vitu ambavyo watu wengine wanatupa: kufuli, viberiti vya gesi, saa za mezani, mizani. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mashine za kunyolea za kizamani, zile nzito za chuma, unazozitia wembe mwenyewe. Wazee wa mitaa yote walimletea. Mmoja mashine yake ilidondoka sakafuni, meno yake yaliyokaa kama ya kitana yakapinda. Mwingine alirithi ya babaake na inamchuna ngozi. Mwingine ana ndevu kama brashi ya kusugulia sufuria na mashine yake inampapasa tu.

Ukali wa mashine ya kunyolea uko kwenye mwanya, ule upenyo kati ya makali ya wembe na ukingo wa chuma chini yake. Mwanya ukiwa mwembamba, wembe unajificha ndani kama mwizi. Ukiwa mpana, unatoa uso nje na kufanya kazi. Fundi aliinua mashine kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akachungulia. Akinyoosha jino lililopinda, alilinyoosha kwa koleo lililovikwa kitambaa. Mashine ikiwa pole mno, aliweka wembe uliokufa chini ya ule mzima, ukanyanyuka unywele mmoja, basi mzee anarudi kesho akijisifu mashavu yake kama amezaliwa jana.

Ya kwake mwenyewe ilikuwa ya aina nyingine. Juu ilifunguka milango miwili ukizungusha kitako cha mpini, na shingoni ilikuwa na pete yenye namba, moja hadi tisa. Ukigeuza pete, inalia tik, na mwanya unabadilika. Hakuna aliyeigusa zaidi yake. Pedeli aliyekaa chumba cha mbele alisikia "niwekee nne", "mimi sita" kutoka kibarazani miaka nenda rudi, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Yeye ana kazi yake, mumewe ana yake. Fundi hakuwahi kumwuliza habari za darizi, na yeye hakuwahi kumwuliza habari za ndevu.

Ndiyo maana siku ya kwanza alipomnyoa alifanya kosa ambalo mshonaji peke yake angeweza kulifanya.

Kwenye cherehani yake kulikuwa na kigurudumu cha kubania uzi, nacho kina namba. Namba ndogo, uzi umelegea. Namba kubwa, uzi umebanwa, hauendi popote bila ruhusa. Pedeli aliichukua mashine ya mumewe, akaiona pete, akaziona namba, akajisemea: wembe huu nitaubana nisije nikamkata mgonjwa wa watu. Akaigeuza mpaka tisa.

Kilichofuata wacha tusikisimulie kwa urefu. Taulo lilikuwa jeupe lilipoanza kazi.

Wifi mtu alifika siku hiyohiyo mchana. Aliyaona mashavu ya mdogo wake, akaweka mkono kichwani. Huyu wifi alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni maisha yake yote, na amestaafu masufuria bila kustaafu kuamrisha. Mama yao alipokufa, ndiye aliyemlea Fundi na mdogo wao wa mwisho. Kwake Fundi alikuwa bado mtoto wa kupakwa mafuta magotini. Akampaka siku ile mashavuni, huku akisema peke yake kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Kuna watu wakipewa mtu mzima wanarudisha kipande."

Pedeli aliumeza msemo huo. Alijua amekosa. Jioni alimshika Fundi bega, akamwonyesha pete, akamwuliza, naye kwa taabu akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto na kukielekeza chini. Namba ndogo. Pedeli akaelewa. Kuanzia hapo akaiweka mbili.

Lakini Fundi akaendelea kukatika.

Na hapo ndipo hasira ya Pedeli ilipoanza kutafuta mtu wa kumkalia. Maana hasira alikuwa nayo, tusidanganyane. Alikuwa nayo tangu hospitali. Siku ile Fundi alipoanguka, Pedeli alirudi nyumbani mbio kutafuta kadi yake ya kliniki, akapekua meza ya kibarazani, akafungua kopo la skrubu. Ndani hakukuta skrubu. Alikuta vidonge vya presha, pakiti juu ya pakiti, hata hazijatobolewa. Kila asubuhi alikuwa akimwuliza, "Baba, umekunywa dawa?" na kila asubuhi anajibiwa, "Nimekunywa, mama." Kwa uso mkavu kabisa. Mtu amekunywa chai yako, amekula mkate wako, amekutazama machoni, amekudanganya, akatoka kwenda kuficha uongo kwenye kopo.

Alilifunika kopo akalirudisha. Hakumwambia mtu. Utamwambia nani? Wifi? Wifi angesema mke ndiye anayepaswa kuangalia dawa za mumewe. Na Fundi mwenyewe, unamgombezaje mtu anayekutazama kwa jicho moja linalotoa machozi bila kulia? Akalimeza. Likakaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Basi siku ya vile viraka vya magazeti, wifi alipokuwa amekwenda jikoni kupekua masufuria, Pedeli aliichukua mashine rafuni ili akaioshe. Akaitazama shingoni.

Sita.

Aliiweka mbili mwenyewe, kwa kidole chake. Akaitazama tena kama namba zingeona aibu zikarudi. Sita. Nyumba haina mtoto, haina mpangaji. Anayeingia ni mmoja tu, anayekuja kila mchana kukaa na Fundi wakati yeye Pedeli anapeleka nguo kwa wateja. Anakaa peke yake na mgonjwa, na mashine iko pale rafuni, kiasi cha kunyoosha mkono.

Kumbe!

Akasubiri ahakikishe. Akaiweka mbili, akaenda kupeleka sare za kwaya, akarudi. Wifi ametoka jikoni, yuko kitini anamenya chungwa. Pete iko sita.

"Wifi," Pedeli alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na wanaomjua wangetafuta mlango. "Ukitaka kunifukuza kwa mume wangu, sema. Usimtume wembe."

"Eti?"

"Pete hii naiweka mbili. Ukikaa nayo wewe, inakuwa sita. Unataka nimkate, uje uone damu, uitangaze mtaa mzima."

Chungwa lilianguka. Wifi alisimama polepole, kama mtu anayenyanyua gunia.

"Mimi? Mimi nimemlea huyu kwa kijiko. Nimlishe kwa mkono huu, halafu nimkate kwa mkono huuhuu?"

"Sikusema umemkata. Nimesema umenikatisha mimi."

"Pedeli, umechanganyikiwa. Au unajua unachofanya na unatafuta wa kumtwika. Yote mawili ni ubaya uleule."

"Ubaya ni wa mtu mzima kuchezea vyombo vya mgonjwa!"

"Na ubaya mwingine ni wa mke asiyejua kunyoa kuku!"

Walisemana mpaka majirani wakazima redio ili wasikose. Fundi alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, pu, pu, pu. Wote wawili wakadhani anataka maji. Wakagombania kikombe. Pedeli akafika wa kwanza, akamwekea mdomoni, Fundi akayatema yote kwenye sketi ya mkewe.

"Umeona?" wifi akasema. "Hata maji yako hayataki."

Shemeji mtu, mdogo wao wa mwisho, dereva wa lori, aliitwa kwa simu. Alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani wana ubaya wao: wanataka kelele ziishe, hawajali zimeishaje. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akatoa hukumu.

"Mimi siwezi kujua nani anageuza nini. Ninachokiona ni kwamba kaka anakatika. Jumamosi nakuja na gari ya rafiki yangu. Kaka atakaa kwa Dada kwanza, mambo yakitulia tutaona."

"Mambo yakitulia," Pedeli alisema. "Yatatuliaje wakati nyie mmemchukua mume wangu?"

"Shemeji, nakuomba, usifanye iwe ngumu."

"Ngumu imeshakuwa. Mimi sikuifanya."

Fundi alipiga kiti tena. Wifi akamfuta mdomo. Na hakuna hata mmoja katika wale watatu aliyemwuliza yeye mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Pedeli alipanga nguo za mumewe kwenye begi. Mashati aliyashona yeye, yote, na kila alipokunja moja alilikunja kana kwamba linamdai kitu. Siku mbili zile za katikati alikuwa hajasema na Fundi ila mambo ya lazima: nyanyua mkono, fungua mdomo, geuka. Alikuwa amemkasirikia wifi, amemkasirikia shemeji, ameikasirikia hata gari ya rafiki wa shemeji. Alipoliweka begi mlangoni, akajiambia jambo moja: hatoki hapa na uso mchafu. Wasiseme nilimtoa kama mtu aliyeokotwa.

Akachemsha maji. Akamfunga taulo shingoni. Akazungusha brashi kwenye sabuni mpaka povu likasimama, akampaka uso mzima. Akachukua mashine, akageuza pete mbele ya macho yake, tik, tik, tik, tik, mpaka mbili, akamwonyesha.

"Mbili. Umeona? Mbili. Leo hakuna wifi hapa."

Akaiweka rafuni, akaenda jikoni kuchukua kitambaa cha moto.

Ni hatua chache tu kwenda na kurudi. Alipofika kwenye mlango wa jikoni akiwa na kitambaa kinachotoa mvuke, alisimama.

Fundi alikuwa ameinama, povu lote usoni, mashine ameibana katikati ya mapaja yake. Mkono wa kushoto, ule wa kujifunza upya kila kitu, ulikuwa umeshika pete. Ulimi umemtoka pembeni kwa juhudi kama mtoto anayejifunza kuandika. Tik, ikalia pete. Tik.

Kitambaa kilimponyoka Pedeli kikaanguka mguuni, na wala hakusikia kwamba kina moto.

"Ni wewe!"

Fundi aliinua kichwa. Hakuruka wala hakuficha. Tik, akamalizia ya mwisho.

"Ni wewe! Nimemtukana dada yako! Nimeitwa mchinjaji, nimekubali! Wanakuja kukubeba saa hii, begi liko mlangoni lile pale, na ni wewe! Unataka nini? Unataka kufa? Unataka kwenda kwa dada yako? Si useme!"

"Mbili," Fundi alisema. Neno lilimtoka na povu. "Mbili... mbaya."

"Mbaya nini, na sita ndiyo inayokuchana?"

Alitikisa kichwa kwa hasira, na hasira yake ilikuwa kubwa kama ya mkewe, ila haikuwa na pa kutokea. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamkamata Pedeli kifundo cha mkono, akamvuta. Akamwachia, akachukua kidole chake mwenyewe akakikandamiza kwenye ule mkono wa mkewe wa kushona, akakandamiza mpaka pakawa peupe, akakiburuta. Paliuma.

"Wewe," alisema. "Hivi."

Kisha akakiweka kidole kilekile juu ya ngozi, bila uzito, kikapita kama inzi.

"Hivi. Sita... hivi."

Pedeli alielewa, na kuelewa kule hakukumpoza. Mashine ikiwa pole haikati vizuri, na isipokata, mkono unaikandamiza, na ukikandamiza ndipo inapouma. Mashine kali haitaki kusukumwa. Fundi alikuwa anaiweka sita ili mkewe aiogope, aache kukandamiza. Na yeye hakuiogopa kwa sababu alidhani ni mbili. Wiki zote hizi walikuwa wanavutana kwenye pete ile kama watu wawili wanaovuta shuka moja gizani.

"Mkono," Fundi alisema. "Mkono... mzito."

"Mkono wangu mzito."

"Ndiyo."

"Unataka kujua kwa nini mzito?" Pedeli aliuliza, na mara hii hakupiga kelele. "Niko na wewe hapa asubuhi, nakushika kidevu, nakuona koo lako lile pale, na kila nikikushika nakumbuka kopo la skrubu. Vidonge! Pakiti zote! Umekunywa dawa, baba? Nimekunywa, mama. Nimekunywa, mama! Kila siku ya Mungu! Mkono wangu utakuwaje mwepesi? Wembe unashikwa na mtu aliyedanganywa!"

"Vidonge gani?"

Hiyo haikuwa sauti ya Fundi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Nyuma yake shemeji alikuwa amezubaa na funguo za gari.

Pedeli alikuwa ameshafika mahali ambapo hakuna breki. "Vya presha, wifi. Hakunywa hata kimoja. Alivificha kibarazani, nilivikuta siku ya kuanguka kwake, nikavinyamazia. Haya, niseme mimi ndiye niliyekosa, nimekusubiri uniseme."

Wifi hakumtazama hata. Alipita katikati ya chumba kama anakwenda kuzima jiko linalofurika, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Ulikuwa hunywi dawa?"

Fundi akatazama dirishani.

"Nitazame nikikusema! Nimekesha hospitali nikimlilia Mungu, nikimwuliza nimekosa nini, kumbe kosa liko kwenye kopo? Wewe ni mtoto? Baba yetu alikufa na presha hiyohiyo, ulikuwepo, ulimbeba!"

"Dada, taratibu, ni mgonjwa," shemeji alisema.

"Kaa kimya wewe, dereva!" wanawake wote wawili walisema pamoja, wakatazamana, wakakasirika kwamba wamesema pamoja.

"Tete..." Fundi alisema.

"Tete nini?"

"Ulitete... meka." Aliinua mkono wa kushoto akautikisa hewani, kisha akauelekeza kwenye ule wa kulia uliolala. "Vidonge... vya kwanza. Nilikunywa. Mkono... ulitetemeka. Kazi."

Povu lilikuwa linakauka usoni kwake na kupasuka vipande. Wote watatu waliuona mkono ule kama walivyoujua, ukiwa juu ya jiliwa, umeshika koleo ndogo, ukinyoosha jino moja la mashine ya mzee fulani bila kugusa la jirani yake.

Pedeli ndiye aliyesema, na alilosema lilikuwa baya, na alijua ni baya kabla halijamtoka.

"Na sasa mkono uko wapi?"

Wifi alishusha pumzi kwa sauti. Shemeji akatazama kofia yake. Fundi alimtazama mkewe muda mrefu, jicho moja kavu na jingine linachuruzika. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki, akaufungua mbele ya uso wake vidole vyote vitano.

"Huu... hapa."

"Ungeniambia!" Pedeli alisema, na sauti yake ilikatika katikati ikaungana tena. "Madaktari wako wengi, dawa ziko nyingi, angekubadilishia! Ningekwenda mimi, ningekaa kwenye benchi, ningegombana na kila mtu mpaka wakupe isiyotetemesha! Mimi si mke wa kuogopwa, nimekuuma lini?"

"Juzi," Fundi alisema, akaonyesha kidevu chake chenye makovu.

Shemeji alicheka, akajifanya anakohoa.

Pedeli hakucheka. Alivuta stuli akaketi mbele ya mumewe, magoti yao yakagusana, akampaka povu jipya, na alipaka kwa hasira, povu likaingia hadi puani. Akachukua mashine. Ilikuwa sita. Hakuigeuza.

Fundi alimsogeza mkewe vidole. Akavitoa karibu na shingo ya mashine alikokuwa amekaba, akavishusha mwishoni kabisa mwa mpini, viwili na gumba basi.

"Iache," alisema.

Kuna kazi ngumu duniani, na mojawapo ni kushika kitu kwa wepesi ukiwa umekasirika. Pedeli aliweka mashine shavuni. Haikusukumwa. Ikashuka yenyewe kwa uzito wake wa chuma, ikalia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mkono wake, ile ya mchanga kwenye karatasi, kavu na safi. Njia moja ikafunguka kwenye povu, na chini yake ngozi tupu. Akaisuuza. Njia ya pili. Kwenye upande uliolegea, aliinyoosha ngozi kwa vidole kama anavyonyoosha hariri kabla ya kuikata.

"Na usidhani yameisha," alimwambia alipofika chini ya taya. "Nimekushika koo, unanisikia? Hayajaisha."

Fundi aliinua kidevu. Mwenye akili hazungumzi akiwa na sita kooni.

Wifi alisimama nyuma ya bega la Pedeli, ameinama, anapekua kila njia akitafuta damu kama alivyokuwa akitafuta mawe kwenye mchele wa wanafunzi. Alipoona wembe umepita chini ya pua na kutoka salama, alinyooka akashika kiuno.

"Pale chini ya sikio umeacha," alisema.

"Nimeona, wifi."

"Nasema tu."

Kazi ilipokwisha, Pedeli alimfuta kwa kitambaa, na uso ukatokea, nusu umelegea, nusu umesimama, msafi wote. Tone moja la damu lilikuwa kidevuni, dogo, kwenye kovu la zamani. Hakuna aliyelisema.

Shemeji alilitazama begi mlangoni, akatazama saa. "Sasa tunafanyaje? Gari ya watu ile, nina wa kumrudishia."

Wifi alifungua mdomo kuamua, kama alivyoamua mambo ya wadogo zake tangu utoto wao. Kisha akaufunga. Akamwinamia Fundi.

"Unakuja kwangu, au unabaki?"

Fundi alikaa akiyapanga maneno yake. Walimwona akiyapanga. Mara hii hakuna aliyekimbilia kikombe.

"Nabaki," alisema. "Tuna... ugomvi. Hauja... isha."

Wifi alimtazama Pedeli, na Pedeli alimtazama wifi, na hakukuwa na tabasamu lolote pale, tusije tukawapamba.

"Wifi," Pedeli alisema. "Lile nililokwambia, la kugeuza pete..."

"Usiniombe msamaha leo. Leo nina hasira, nitakujibu vibaya. Niombe Jumatatu." Akavaa kiatu. "Na vidonge nitaleta daftari—"

"Wifi, vidonge nitavitoboa mimi, atavimeza nikiwa nimemshika pua."

"Haya. Lakini nitakuja kumfungua mdomo nikague."

"Uje."

Shemeji alilirudisha begi ndani, akaaga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuitikiwa, na gari ya rafiki yake ikaondoka bila mgonjwa.

Pedeli alifunga mlango. Akalimwaga beseni, akasuuza brashi, akafungua ile milango miwili ya mashine, akautoa wembe, akaukausha. Alifanya yote hayo akiwa amempa mumewe mgongo. Halafu akarudi kwenye stuli, akaketi, akaisogeza mpaka magoti yakagongana.

"Haya," alisema. "Anza na siku ya kwanza uliponidanganya. Ukikosa neno, nitasubiri. Leo sina pa kwenda. Na usidhani kwa kuwa umetakata uso nitakuonea huruma."

Fundi alivuta pumzi, akalitafuta neno, akalipata.

"Usi... nionee."